Kutoka Machi hadi Oktoba: safari ya mpokeaji aliyeachwa na drafti

Mchezaji wa simulizi hii ni wa kubuni, na tutamwita kwa jezi yake: 83. Klabu yake nayo haina jina. Kalenda, sheria, malipo na vipimo vya uwanja ni vya kweli, vya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, mwaka 2025. Anacheza kama mpokeaji wa pembeni, yule anayesimama mbali na msongamano wa katikati na kukimbia kupokea pasi ya kwotabeki, mrushaji mkuu wa timu. Watu humtazama anapodaka. Ajira yake huamuliwa kwingine kabisa.

Jumatano, 19 Machi: vipimo chuoni

Umri miaka 22, urefu sentimeta 183, uzito kilo 88. Amesoma na kucheza miaka minne katika chuo kidogo cha South Dakota. Februari hakualikwa Indianapolis, ambako kila mwaka vijana zaidi ya 300 hupimwa ndani ya Lucas Oil Stadium mbele ya klabu zote 32. Kwa hiyo wapelelezi wa vipaji wamemfuata chuoni, watano tu, kila mmoja na saa yake mkononi.

Mbio za yadi 40, yaani mita 36 na nusu: sekunde 4.49. Ni nzuri, haishtui mtu. Rekodi ya Indianapolis ni 4.21 ya Xavier Worthy, mwaka 2024. Kinachoandikwa kwa makini zaidi ni yadi 10 za mwanzo, 1.53, kwa sababu mpokeaji hukimbia yadi 40 bila kuguswa mara chache sana, lakini yadi 10 za kwanza huzikimbia kila mchezo, yaani kila mpira unapoanzishwa. Vijana wengi huharibu hapo kwa kuinua kichwa mapema: hatua ya tatu mwili tayari umesimama wima na nguvu ya kusukuma ardhi imekwisha.

Kisha zoezi la kukata uwanja. Anakimbia juu ya mstari mmoja mweupe huku warushaji wamepangwa kushoto na kulia, anadaka, anauachia mpira, anageuka kudaka mwingine. Anadaka yote. Hata hivyo wapelelezi wanaangalia miguu. Anayeyumba nje ya mstari au kupunguza kasi kabla mpira haujafika anaonyesha kwamba macho na miguu yake havijazoeana. 83 anayumba mara moja, kwenye mpira wa tano.

Jumamosi, 26 Aprili: simu

Drafti, ambako klabu huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, mwaka huu inafanyika Green Bay, Wisconsin, kuanzia Alhamisi. Majina 257 yanasomwa katika raundi saba. Lake halimo.

Kwenye raundi ya saba, kabla hata haijaisha, wakala wake ameanza kupokea simu, maana klabu zinajipanga kugombania watakaobaki. Hapa kuna hesabu ambayo vijana huikosea kwa tamaa. Klabu ya kwanza inatoa dola 25,000 za kusaini, ya pili dola 10,000. Ya kwanza ina wapokeaji 11 tayari, watano wakiwa na mikataba yenye pesa za uhakika. Ya pili ina saba, na wawili kati ya waliokuwa wakikimbilia panti msimu uliopita, yaani teke la kuwapelekea wapinzani mpira mbali, wameondoka. Wakala anachagua ya pili, na yuko sahihi. Mkataba wa asiyechaguliwa ni wa miaka mitatu, wa aliyechaguliwa minne, na mshahara wa chini wa mwaka wa kwanza ni dola 840,000. Ila huo hulipwa kwa wiki za msimu, kwa aliyebaki kikosini tu. Mtu akiachwa Agosti anaondoka na zile 10,000 pamoja na posho za mazoezi.

Ijumaa, 9 Mei: kambi ya chipukizi, siku ya kwanza

Saa moja asubuhi, daktari. Saa mbili, stoo ya vifaa: helmeti inapimwa kichwa kikiwa na jasho, kwa kuwa nywele kavu hudanganya. Saa tatu, darasani. Anakabidhiwa kishikwambi chenye kitabu cha mipango.

Amri moja ya mchezo ina maneno manane hadi kumi na mawili: jina la mpangilio, nani ahame kabla mpira haujaanzishwa, ulinzi wa kwotabeki, njia za wapokeaji, na hesabu ya kuanzia. Klabu nyingine huzitaja njia kwa namba za mti wa 0 hadi 9, ule ulioenezwa na kocha Don Coryell: namba shufwa hukatia ndani, witiri hukatia nje, na 9 ni moja kwa moja. Klabu ya 83 inafuata ukoo wa kocha Bill Walsh, ambako kila muungano wa njia una jina lake. Kwa mgeni hiyo ni ngumu zaidi, maana jina halikuambii lolote mpaka ulikariri.

Kosa la kwanza analifanya usiku huohuo: anakariri kazi ya X peke yake, nafasi aliyocheza chuoni. X husimama juu ya mstari wa kuanzia, upande ulio mbali na msaada. Z husimama yadi moja nyuma ya mstari, upande wa pili. Wa tatu hukaa ndani, kati ya Z na ukuta wa mbele. Kocha anayejaza nafasi ya tano au ya sita ya wapokeaji hamtafuti X mzuri. Anamtafuta mtu atakayeingia popote yeyote akiumia. Njia ya kujifunza ni kuchora mpango mzima, watu wote 11, kisha kujiuliza: huyu anamvuta beki gani ili nani abaki peke yake? Ukielewa hilo, kuhamishwa kutoka X hadi Z hakukutikisi.

Jumamosi, 10 Mei: siku ya pili

Mazoezi ya uwanjani, bila pedi za kukinga mwili. Kwenye mchezo wa nne anapangwa Z, anasimama juu ya mstari kama alivyozoea. Filimbi. Sheria inataka angalau watu saba wa timu inayoshambulia wawe juu ya mstari, na kati yao wa mwisho kila upande pekee ndiye anayeruhusiwa kupokea pasi. Z akisogea mbele, anamfunika aliye ndani yake, na huyo hana tena haki ya kupokea. Kwenye mechi hiyo ni kupoteza yadi 5 na mchezo mzuri kufutwa.

Dawa yake ni rahisi, na ajabu ni wangapi hawafundishwi chuoni: kabla ya kuinama, mgeukie mwamuzi aliye kwenye mstari wa pembeni, mnyooshee kidole, muulize kwa macho. Ukiwa nyuma ya mstari, atanyoosha mkono kuelekea upande wa timu yako. Dakika haipotei.

Kitu cha pili kinachomtatiza ni mistari yenyewe. Chuoni, sehemu ya juu ya namba kubwa zilizochorwa uwanjani iko yadi 9 kutoka mstari wa pembeni. Kwenye NFL, sehemu ya chini ya namba iko yadi 12. Alama za katikati nazo zimesogeleana, zimeachana futi 18 na inchi 6, ilhali chuoni ni futi 40. Kijana aliyezoea "simama juu ya namba" anajikuta yuko ndani mno, akibanwa na beki wa ndani. Upana wa uwanja ni uleule wa yadi 53 na theluthi. Ni rangi tu zimehama, na macho yanadanganywa.

Jumapili, 11 Mei: siku ya tatu

Leo kina cha njia. Njia ya kugeuka, ambayo kocha ameiandika yadi 12: unakimbia kana kwamba unakwenda mwisho wa uwanja, unafunga breki, unarudi kumwelekea kwotabeki na kudakia kwenye 10. 83 anageuka kwenye 10 na nusu. Mpira unampita begani, kwani kwotabeki huachia kabla mpokeaji hajageuka. Anarusha mahali, si mtu. Na kama timu, ambayo hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ilizihitaji zote na mpokeaji akageuka mapema, atadakia kwenye 8, umati upige makofi, kisha panti iingie.

Chanzo cha kugeuka mapema ni woga wa kuchelewa breki. Mkimbiaji mrefu anahitaji kushusha nyonga hatua tatu kabla ya kugeuka, na asipofanya hivyo anapunguza mwendo kuanzia yadi ya 7, kitu ambacho beki anakisoma kama gazeti. Zoezi linalotibu: koni kwenye 9, 10 na 12, mabega yabaki juu ya magoti mpaka ile ya 9, kisha hatua tatu fupi, kidevu chini, mikono ikiendelea kupiga. Mikono ikisimama, beki ameshajua.

Miongoni mwa walio uwanjani wapo wasio na mkataba wowote, waliokuja kujaribiwa siku hizi tatu. Adam Thielen aliingia kwa mlango huo mwaka 2013, kambi ya Minnesota Vikings, akitokea chuo cha Minnesota State pale Mankato. Akakaa kikosi cha mazoezi msimu mzima. Mwaka 2018 alifungua msimu kwa mechi nane mfululizo za yadi 100 au zaidi.

Jumanne, 10 Juni: kambi ndogo ya lazima

Wiki za mazoezi ya Mei na Juni zimepita vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. 83 anadaka kila kitu, waandishi wanamtaja. Wasomaji wa habari za Juni wanapaswa kujua jambo moja: makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yanakataza, katika mazoezi haya, kumvaa mpokeaji kifuani pale mstarini. Beki wa kona haruhusiwi kuweka mikono. Kila mwaka kuna mpokeaji anayeng'ara Juni akapotea Agosti, na hakuna uchawi hapo.

Anachofanya vizuri ni baada ya mazoezi. Mashine ya kurushia mipira, ile yenye magurudumu mawili yanayozunguka, inatema mipira mia kwake kila jioni: thelathini akitazama mbele, thelathini akigeuka ghafla, ishirini kwa mkono mmoja, ishirini huku mtu akimpiga na mto. Juu ya kifua, vidole gumba vinakutana. Chini ya kiuno, vidole vidogo ndivyo vinakutana. Macho yanafuata ncha ya mpira mpaka inapogusa glovu. Mipira mingi huanguka mtu anapogeuza kichwa kutafuta pa kukimbilia kabla hajafunga, mikono isiwe na kosa lolote. Kufunga maana yake vidole vifunike ncha, mpira ulale kwenye kiganja, mkono wa mbele na mkono wa juu viubane, kifua kikamilishe.

Kuanzia kesho kutwa ni likizo ya wiki tano na ushee.

Jumanne, 22 Julai: kuripoti kambi

Watu 90 kwenye orodha, 53 watabaki. Jioni kuna kipimo cha pumzi: kukimbia kukata upana wa uwanja na kurudi, mara kadhaa, kwa muda uliowekwa. 83 anapita. Mwenzake wa chumbani anashika nyama ya nyuma ya paja kwenye zamu ya mwisho.

Jeraha hilo ndilo linalokula wapokeaji wa Julai kuliko jingine. Mtu amekaa likizo akikimbia polepole kwenye mashine, hajafungua kasi yake yote hata siku moja, kisha anafungua siku ya kwanza kambini. Msuli haujui kwenda asilimia 100 kwa taarifa ya ghafla. Anayejua huwa anakimbia yadi 60 kwa kasi kamili, mara nne hadi sita, siku mbili kwa wiki, likizo nzima. Asiyechaguliwa kwenye drafti akikaa nje siku kumi, nafasi yake ya kuonekana imekwisha, hata akipona.

Siku za mwanzo za kambi ni za kuzoea joto na mwendo, helmeti bila pedi.

Jumatatu, 28 Julai: pedi

Sasa beki wa kona anasimama nusu yadi mbele yake na anaruhusiwa kumgusa. Ndani ya yadi 5 za kwanza anaweza kumsukuma mpokeaji karibu atakavyo. Baada ya hapo ni kosa, yadi 5 na jaribio la kwanza moja kwa moja. Chuoni sheria hiyo ya yadi 5 haipo. Mtu angedhani mpokeaji atafurahi kufika NFL. Hafurahii, kwa sababu mabeki wa huku wameigeuza yadi 5 kuwa kazi ya kitaalamu.

Mmoja kwa mmoja, mara ya kwanza: 83 anacheza ngoma, hatua tano za kulia na kushoto mahali pamoja. Beki anasubiri tu, kisha anamweka kiganja kifuani. Mpira umeshaondoka mkononi mwa kwotabeki na mpokeaji bado yuko yadi ya pili. Mara ya pili anakwenda moja kwa moja kwa hasira, anabanwa kwenye mstari wa pembeni, mpira unatoka nje.

Kocha wa wapokeaji anamfundisha hivi, na ni mafunzo ambayo hayapitwi na wakati.

Simama mguu wa ndani ukiwa mbele, uzito mwingi juu yake. Mpira ukianza, usirudishe mguu nyuma hata kidogo. Hatua hiyo ya uongo inaliwa na beki bure. Shambulia nusu moja ya mwili wake: ukitaka kutoka nje, lenga bega lake la ndani, mlazimishe afungue nyonga kuelekea ndani, kisha badilika. Miondoko miwili ndiyo mwisho. Mkono wa karibu naye upige kiwiko chake, si kifundo, kwani kifundo huchomoka. Mkono wa pili upite juu, kama unapiga mbizi, au uchimbe chini ya kwapa lake. Ukishampita usiendelee pembeni yake. Rudi kwenye mstari ulipoanzia ili yeye awe nyuma ya mgongo wako. Hapo anakukimbiza bila kuuona mpira.

Na kwenye njia ya moja kwa moja, linda yadi 5 kati yako na mstari wa pembeni. Hiyo ndiyo nafasi ya kwotabeki kuudondoshea mpira begani kwa nje. Beki anayekusukuma polepole hadi ubaki na yadi 2 amekushinda bila kuugusa mpira. Mara ya tatu 83 anatoka ndani, anamweka beki mgongoni, anadaka. Mara ya nne anazuiwa tena. Kocha anaandika zote mbili.

Jumamosi, 2 Agosti: miguu miwili

Leo anadaka pasi ya juu karibu na mstari, mguu wa kushoto ndani, wa kulia nje, anashangilia. Mwamuzi wa mazoezi anatikisa kichwa. Chuoni mguu mmoja unatosha, hapa miwili. Wanabaki uwanjani yeye na mashine, mipira arobaini: mguu wa kwanza ukitua, wa pili usinyanyuliwe, uburuzwe, vidole vikichora nyasi, mwili ukiachwa uangukie nje. Anayejaribu kupiga hatua ya pili ya kawaida huwa ameshatoka. Zoezi hili linachosha vifundo, halina sifa yoyote, na kila Jumapili ya msimu linaamua mechi mahali fulani.

Kuna tabia nyingine ya chuoni yenye hatari zaidi. Kule, goti likigusa chini mchezo umekwisha, hata kama hakuna aliyekugusa. Kwenye NFL lazima mpinzani akuguse. Plaxico Burress, akiwa chipukizi wa Pittsburgh Steelers mwaka 2000, alidaka, akaanguka bila kuguswa, akainuka na kuupiga mpira chini kwa furaha. Wapinzani wakauchukua.

Jumanne, 5 Agosti: chumba cha vikosi maalumu

Siku hii ni muhimu kuliko zote zilizotangulia, ingawa hakuna mwandishi aliyekuja. Vikosi maalumu ni vile vya mateke, na mpokeaji wa kwanza na wa pili hawafanyi kazi hizo. Wa tano na wa sita wapo kwenye orodha kwa sababu hiyo. Siku ya mechi timu huvalisha watu 48 tu, na kocha wa vikosi maalumu ana kauli nzito kuhusu wale wa mwisho.

83 anapewa kazi ya kukimbilia panti akitokea pembeni. Ni wawili tu, mmoja kila ncha, wanaoruhusiwa kuondoka mpira ukianzishwa. Wengine wote husubiri mguu uguse mpira. Mbele yake wanasimama walinzi wawili wa kumzuia. Mbinu ni zilezile za kumtoroka beki wa kona, ila hapa kuna mtu wa pili anayengojea umalize wa kwanza. Wasiojua hukimbilia nje kabisa ya uwanja kuwakwepa. Ukitoka kwa hiari yako ukawa wa kwanza kuugusa mpira, ni adhabu. Ukisukumwa nje, rudi ndani mara moja.

Mpira wa panti nzuri hukaa hewani sekunde nne na nusu hivi, na kwa muda huo anatakiwa awe amefika yadi 40 na ushee. Akifika mapema, asimguse mpokeaji wa panti aliyepunga mkono juu: yadi 15. Akifika mpira ukidunda karibu na mstari wa goli, asimame na mgongo kwenye goli, vidole visiguse rangi nyeupe, aupige kurudi uwanjani. Wengi hukimbia wakitazama angani, wanavuka mstari bila kujua, na mpira unasogezwa hadi yadi 20.

Mpira wa kuanzia nao umebadilika tangu 2024. Wakimbiaji kumi wa timu inayopiga husimama kwenye yadi 40 ya wapinzani na hawaruhusiwi kujongea mpaka mpira uguse ardhi au mtu katika eneo la kutua, kati ya mstari wa goli na yadi 20. Kasi ya mbali haina faida kama zamani. Kinachotakiwa ni hatua mbili za kwanza na mikono ya kumwondoa mzuiaji aliye karibu, na hapo mpokeaji mwepesi anapata shida mbele ya watu wa kilo 105.

Mkenya Daniel Adongo alipotoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, huku kwenye mateke ndiko alikoanzia. Na Thielen, tachidauni yake ya kwanza kwenye ligi, yaani kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli, mwaka 2014, haikutokana na pasi bali na panti iliyozuiwa.

Jumamosi, 9 Agosti: mechi ya kwanza ya majaribio

Anaingia robo ya tatu. Michezo 18 ya mashambulizi, tisa ya mateke. Anadaka mbili, yadi 19 jumla.

Mchezo wake wa 11 unaingia kwenye video ya Jumapili. Wapinzani wanaonyesha mabeki wawili nyuma, kisha mmoja anashuka kumvamia kwotabeki. Mpango unasema: ukiona hivyo, acha njia yako ndefu, kata ndani baada ya hatua tatu, mpira unakuja. Kwotabeki kaona, 83 hakuona. Mpira unarushwa mahali patupu, beki anaunyaka. Gazeti litaandika jina la kwotabeki. Chumba cha video kinajua la nani. Alikuwa akimtazama beki aliye mbele yake tu, wakati kabla ya mpira kuanza macho yanatakiwa yapite kwanza kwa mabeki wa nyuma (wawili au mmoja?), kisha yashuke kwa yule wa karibu.

Kwenye mateke: panti nne, mara tatu wa kwanza kufika. Hizo nazo ziko kwenye video.

Jumamosi, 23 Agosti: mechi ya mwisho ya majaribio

Michezo 41, pasi nne, yadi 52, hakuna iliyoanguka. Anamzuia beki wa kona kwa sekunde tatu nzima kwenye mbio ya yadi 22, mikono ndani ya mabega, miguu mipana. Mikono ingetoka nje ingekuwa kushika, yadi 10, na mbio ile isingehesabika.

Jumanne, 26 Agosti: kupunguzwa

Mwisho ni saa 10 jioni za New York, saa 5 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Saa nne asubuhi mfanyakazi wa ofisini anamgusa bega: njoo na kishikwambi. Klabu inabaki na wapokeaji watano. Yeye alikuwa wa sita.

Kwa kuwa ni mgeni, haachwi huru papo hapo. Klabu nyingine 31 zina mpaka saa sita mchana kesho kumdai, na ikimdai inabeba mkataba wake ulivyo na kumweka kwenye 53 zake.

Jumatano, 27 Agosti: kikosi cha mazoezi

Hakuna aliyemdai. Saa saba mchana klabu yake inamrudisha, miongoni mwa 16 wa kikosi cha mazoezi. Dola 13,000 kwa wiki. Aliye kwenye 53 kwa mshahara wa chini anapata takriban 46,700 kwa wiki, kwa kuwa 840,000 hugawanywa kwa wiki 18. Mkataba huu mpya hauna dhamana: unaweza kuvunjwa Jumanne yoyote. Upande wa pili, klabu nyingine ikimtaka kwenye 53 yake inaweza kumchukua bila kulipa kitu.

Jumatano, 17 Septemba: kuigiza mpinzani

Kazi ya wiki ni kuwa mtu mwingine. Kocha ananyanyua kadi iliyochorwa mchezo wa wapinzani wa Jumapili, na 83 anatakiwa kuukimbia kama nyota wao anavyoukimbia: anasimamaje, anaondokaje, anavunja njia kwenye yadi ngapi. Wapo wanaoifanya kivivu kwa kuwa si mipango yao. Hasara yao. Mabeki wa kwanza wa klabu ndio wanaomkaba kila siku, na wao wakisema chumbani kwamba kijana huyu anawasumbua, makocha wanasikia. Jioni anasoma mipango ya klabu yake mwenyewe, kwani zamu uwanjani hapati.

Jumamosi, 11 Oktoba: kupandishwa

Mpokeaji wa nne ameumia kifundo Alhamisi. Klabu inaruhusiwa kupandisha wawili kutoka kikosi cha mazoezi kwa kila mechi, na taarifa lazima itolewe siku moja kabla, kufikia saa 10 jioni. Mtu mmoja hupandishwa mara tatu tu kwa msimu. Ya nne lazima asainiwe kwenye 53. Wiki hii analipwa kiwango cha kikosini.

Anaambiwa: kukimbilia panti, mpira wa kuanzia, na kifurushi cha michezo sita kama Z.

Jumapili, 12 Oktoba: mechi

Michezo ya mateke 17, ya mashambulizi saba. Robo ya pili panti inadunda kwenye yadi ya 6. Yeye ameshafika, mgongo kwa goli, anaupiga nyuma hadi kwa mwenzake kwenye yadi ya 3. Robo ya tatu anajongea mapema kwenye mpira wa kuanzia, kabla haujatua: yadi 5.

Robo ya nne, jaribio la tatu na yadi 9, njia ya kugeuka ya yadi 12. Ananyoosha kidole kwa mwamuzi, mkono wa mwamuzi unakwenda nyuma. Anatazama mabeki wa nyuma: wawili, hakuna anayeshuka. Koni ya kufikirika kwenye 9, hatua tatu, anageuka, mpira umeshafika. Yadi 10, jaribio jipya.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa za kawaida za kazi. Amerudishwa moja kwa moja kikosi cha mazoezi, bila kupitia dirisha la madai. Zimebaki mara mbili za kupandishwa, na daktari amempa mpokeaji wa nne wiki tatu hadi nne. Kwenye video, kocha wa vikosi maalumu anairudia ile adhabu ya yadi 5 kwa polepole, anauliza alikuwa akitazama nini. Alikuwa akitazama mpira ukipaa badala ya kusubiri uguse. Kesho mapumziko, Jumatano kadi mpya.